Vanessa Mdee: Kutoka Mic ya MTV Hadi Siku Aliacha Muziki Akiwa Juu

Kama 2019 ulikuwa unacheki Citizen TV Jumapili, iwe ni kwa keja yako Soweto East ama kwa hoteli ya chapo madondo huko Kawangware 46, lazima huyu msupa ulimwona. Show ilikuwa East Africa's Got Talent. Kwa meza ya majaji kulikuwa na Jeff Koinange na ile sauti yake nzito, Gaetano Kagwa wa Uganda, DJ Makeda akisimamia Rwanda, na Vanessa Mdee akibeba bendera ya Tanzania.

Miezi tisa hivi baada ya hiyo show kuisha, huyo huyo Vanessa alishika mic na kuambia watu kwamba muziki basi. Hakuwa amefifia wala hakuwa amekosa hit. Alikuwa tu amefika.

Wasee wengi walijua ngoma zake lakini hawakuwahi kujua risto yote. Hii hapa.

KWA UFUPI

Jina: Vanessa Mdee
A.K.A.: Vee Money
Kuzaliwa: 7 June 1988, Arusha, Tanzania
Kazi: mtangazaji wa TV na redio, msanii, jaji, mtu wa podikasti
Ngoma ya kwanza yake mwenyewe: "Closer" (2013)
Albamu: Money Mondays (2018)
Siz yake: Mimi Mars, naye pia ni msanii na sura ya TV

MTOTO WA ARUSHA, SHERIA NAIROBI

Vanessa alizaliwa Arusha lakini hakukulia mahali pamoja. Utoto wake ulipita New York, Paris, Nairobi na Arusha yenyewe. Ndio maana ukimsikia akiongea, Kiswahili chake ni cha Bongo kabisa, halafu dakika hiyo hiyo anabadilisha kizungu kama mtu amelelewa Marekani. Hiyo kitu ya kuruka kutoka lugha moja hadi ingine, ambayo sisi watu wa mtaa tunafanyanga kila siku bila kulipwa, yeye ilimlisha.

Kitu wengi hawajui ni kwamba alisomea Nairobi. Alikuwa anasoma sheria Catholic University of Eastern Africa, ile campo iko huko Lang'ata, si mbali na Kibra. Yaani kabla awe staa wa kuonekana kwa screen, alikuwa msee wa campo anapanda mathree za hizi barabara zetu.

Sheria ilikuwa plan. TV ikaingilia.

MTV INAMPATA

MTV Base ilianza Afrika 2005. Kabla ya hapo, ukitaka kuona video za Wasauzi na Wanaija zikichezwa pamoja na za Wamarekani, ilikuwa ni bahati. Stesheni ikaanza kusaka ma-VJ wa hapa hapa, vijana wa kuongea mbele ya kamera na kutambulisha ngoma.

2007 hiyo msako ikafika Dar es Salaam. Vanessa akaenda audition, akapita. Hakuwa na ngoma hata moja na hakuwa na jina. Akawa Mtanzania wa kwanza kuwa VJ wa MTV, akaanza kutangaza Coca-Cola Chart Express na wenzake Carol na Kule.

Weka hiyo kwa picha vizuri. Miaka hiyo mtoto wa East Africa kuonekana kwa MTV ilikuwa habari kubwa. Ilikuwa mpaka October 2009 ndio MTV Africa Music Awards ilikuja Kasarani, Nairobi, Wyclef Jean akiwa MC, ndio wengi wetu tukaamini hiyo kitu ni yetu pia. Vanessa alikuwa ndani tayari.

Kazi ya VJ inakaa rahisi, lakini inakufunza vitu msanii wa kawaida hukuja kujua akiwa amechelewa. Unajifunza kuongea na kamera bila kutetemeka. Unaona ni video gani inachezwa na gani inaachwa, na kwa nini. Unakaa na mastaa wakubwa ukiwauliza maswali, na namba zao zinabaki kwa simu yako.

REDIO NA BONGO STAR SEARCH

Baada ya MTV, Vanessa alirudi Dar kikazi. Akaingia Choice FM akitangaza show ya ngoma. Akashika pia mic ya Bongo Star Search, lile shindano la Madam Rita Paulsen ambalo limetoa wasanii kibao Tanzania.

Hapo sasa kuna kitu cha kufikiria. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya stage akitambulisha vijana wanaenda kuimba, halafu anarudi kando. Kila wiki anaona mtu mwingine akifanya kitu yeye mwenyewe anajua anaweza.

AKASHIKA MIC KWA NJIA INGINE

Mlango ulifunguliwa na ngoma za watu wengine. 2012 Ommy Dimpoz akamweka kwa "Me and You", na hiyo ngoma ikazunguka Bongo na huku Kenya mpaka watu wakaanza kuuliza, huyu dame wa chorus ni nani? Wakiambiwa ni yule mtangazaji, walikuwa wanabisha.

Akasainiwa B'Hits, na mwanzo wa 2013 akatoa "Closer", ngoma yake ya kwanza akiwa solo. Ikafuatwa na "Come Over", "Siri" akiwa na Barnaba, na "Hawajui". R&B ya Kiswahili yenye imeoshwa vizuri, na video ziko kwenye levo ya MTV. Hiyo haikuwa bahati. Mtu amekaa miaka akicheki video za wengine anajua kabisa yake inafaa kukaa aje.

Wasee wengine walikuwa wanasema ameingia muziki kwa mlango wa nyuma, eti ju ya connection. Lakini connection inakufungulia mlango mara moja tu. Ukiingia ukiwa huna kitu, watu wanakutoa.

VEE MONEY

Kati ya 2015 na 2018 ndio Vee Money alikuwa moto kabisa. Cheki tu list:

"Nobody But Me" akiwa na rapper wa Sauzi, K.O (2015).
"Never Ever" (2015).
"Niroge" (2016).
"Cash Madame" (2016).
"Juu" akiwa na Jux (2016).
"Kisela" akiwa na Mr P, yule wa P-Square (2017).

Nyuma ya kamera alikuwa ameanzisha Mdee Music, lebo yake mwenyewe, na siz yake Mimi Mars akatokea hapo. Msanii wa kike Bongo kuwa na lebo, kulipa watu na kusaini wengine haikuwa kitu ya kila siku. Hilo jina la Money halikuwa la maringo tu. Alikuwa anaongea wazi kwamba muziki ni biashara.

2017 pia akaigiza kwa MTV Shuga: Down South. Shuga ni ile series ilianzia hapa Nairobi 2009, Lupita Nyong'o akiwa ndani kabla Hollywood imjue.

January 2018 akaachilia albamu, Money Mondays. Mwaka huo huo yeye na Jux, ambaye walikuwa wakitoka pamoja, wakazunguka na tour ya In Love and Money. Akaingia pia Universal Music, moja ya kampuni kubwa zaidi za muziki duniani.

NAIROBI ILIVYOKUWA OFISI YAKE

Ukifuatilia kazi yake, Nairobi inarudi rudi. Campo ilikuwa hapa. Coke Studio Africa, ambayo pia alipita, ilikuwa inarekodiwa hapa. Halafu 2019 ikaja East Africa's Got Talent, ikishutiwa hapa hapa, Anne Kansiime akiwa mtangazaji na zawadi ikiwa dola 50,000. Mwishowe waliobeba ni Esther na Ezekiel, watoto wa familia moja kutoka Uganda.

Angalia mzunguko. Yule dame alikuwa anatambulisha vijana wa BSS sasa ndiye amekaa kwa meza akiamua nani anapita. Alianza kwa audition ya 2007, na miaka 12 baadaye ndiye anafanyia wengine audition.

JULY 2020: "BASI"

2020 alianzisha podikasti yake, Deep Dive with Vanessa Mdee. Mwanzo wa July akatoa episode yenye ilitikisa East Africa yote: anaacha muziki. Akasema hii tasnia ni ya kipepo. Akaeleza kwamba amechagua maisha yake na amani yake, na hayuko tayari kuendelea kuishi vile alikuwa anaishi.

Mtandao ukawaka. Kuna wenye walisema ni mapenzi, ju wakati huo alikuwa na Rotimi, msanii na muigizaji wa ile series ya Power, ambaye walikutana 2019 New Orleans wakati wa Essence Festival. Kuna wenye walisema ni kiki na atarudi baada ya miezi mbili. Wengine wakasema ni mtoto wa kishua, ndio maana anaweza kuacha kazi hivyo tu.

Hiyo ya mwisho tusiipuuze. Ukiwa Soweto East na umehustle miaka mitano ndio upate hit moja, kusikia mtu ameacha stage, lebo na jina kwa hiari yake ni kama kusikia mtu ametupa chakula. Wengi wetu hatuna pa kurudi. Yeye alikuwa na TV, redio, lugha na watu.

Lakini pia kuna upande mwingine. Miaka yote hiyo alikuwa anacheka kwa kamera, na hakuna mtu alijua ndani kuko aje. Hapa mtaani tunajua wasanii wenye waliisha polepole tukiwa tunawapigia makofi. Tunangoja mpaka mtu anyamaze kabisa ndio tuanze kuuliza alikuwa na shida gani. Vanessa alisema akiwa bado anaweza kuongea, na akasema kwa sauti yake mwenyewe. Hata kama hukubaliani na neno alitumia, hiyo inataka roho.

KOREA PIA WANAIJUA HII RISTO

Wafuasi wa K-pop hapa Nairobi watakumbuka Lee Hyori. Alianza 1998 na kundi la Fin.K.L, akaenda solo, akawa pia mtangazaji mkubwa wa TV na show kama Happy Together na Family Outing. Korea ni kawaida staa kuimba na kutangaza pia, kampuni humfunza yote mawili kabla hata atoke. Kisha Hyori, jina likiwa bado kubwa, akaolewa 2013 na kuhamia kisiwa cha Jeju kuishi pole pole. 2017 TV ikamfuata huko huko nyumbani kwake na show ya Hyori's Bed and Breakfast.

Tofauti ni moja. Hyori alikuwa na mfumo mzima nyuma yake wa kumngoja. Vanessa mfumo alijijengea mwenyewe, kipande kwa kipande.

Hapa Kenya cheki Sanaipei Tande. Yeye alienda kinyume: 2004 alishinda Coca-Cola Popstars, akatengeneza kundi la Sema na Pam Waithaka na Kevin Waweru, halafu ndio akaingia redio, na baadaye akaigiza Kina kwa Maisha Magic Plus. Njia ni ingine lakini somo ni lile lile: mwenye ana kazi mbili hashikwi mateka na moja.

SAA HII

Vanessa na Rotimi walivishana pete December 2020. Wanaishi Marekani na wamebarikiwa na watoto wawili, wa kwanza 2021 na wa pili 2023. Mimi Mars alibaki Bongo akiendelea na muziki, TV na kuigiza, so jina la Mdee halijatoka kwa screen.

Mashabiki bado wanaulizanga kama atarudi. Lakini kwa wewe kijana wa Kibra ama Kawangware mwenye unataka hii kazi, swali la maana ni aliingiaje. Aliingia kwa audition akiwa mwanafunzi, akashika mic ya kutangaza, akajifunza kazi ikiendelea. Mic za karibu ziko. Pamoja FM iko hapa hapa Kibra tangu 2007, na Ghetto Radio inaongea Sheng yenu kila siku. Octopizzo alichukua namba ya mathree ya Kibra, nane, akaifanya jina linajulikana mpaka ng'ambo.

Anza na mic yenye iko karibu. Na siku utafika juu, kumbuka kuna dame wa Arusha alionyesha watu kwamba kushuka pia ni haki yako.