Tanga: Mlima Ulikataa, Nyika Ikakubali

Msafiri wa Dar es Salaam kwenda Moshi, akishaipita Korogwe, huwa na Usambara mkono wa kulia, na kushoto nyika inayoshuka hadi Mto Pangani. Washambaa waliijua tofauti hiyo kabla ya mkoloni yeyote: makazi na migomba juu, penye mvua; chini ni joto, homa na malisho. Watawala wao wa Kikilindi walikaa Vuga, mlimani.

Wajerumani nao waliutamani mlima. Mwaka 1891 walifungua shamba la kahawa Derema, Usambara Mashariki, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikusudiwa kwa sehemu kubwa kuhudumia mashamba ya huko. Msitu uliwahadaa. Rutuba yake ilikuwa katika majani yanayooza juu ya ardhi. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu wenye tindikali, uliokwisha kusuuzwa na mvua za karne nyingi. Miti ilipokatwa, mibuni ikadhoofu. Hata kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, hakikuiokoa. Chai ndiyo iliyokuja kuyavumilia mazingira yale.

Utajiri ukaota mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, pwani ambako awali mashamba ya miwa yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mkonge haukuchagua udongo wala haukuogopa jua. Ulichodai ni maji mengi ya korona, mashine inayokamua jani na kuacha nyuzi, ambazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa hiyo mashamba yaliifuata mito ishukayo milimani, na reli, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikapata mzigo ambao wajenzi wake hawakuutarajia.

Mikono ya kuukata mkonge ilitoka mbali: Unyamwezi, Kigoma, Njombe, hata Msumbiji. Vibarua hao wa mkataba, walioitwa manamba, ndio walioijenga Tanga ya leo, ingawa majengo ya mjini yanasifiwa kwa majina ya wengine. Ngoma na vyakula vyao vimebaki Muheza na Korogwe, na wajukuu wao pia.

Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza duniani. Kisha kamba za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji haukufika robo ya kiasi hicho. Wengine huilaumu serikali peke yake. Mimi naona bei ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya mashamba kubadili mikono.

Kwingineko mkoani, Handeni iliendelea na mahindi na mifugo. Pwani, chokaa ileile iliyochongwa na maji kuwa mapango ya Amboni sasa husagwa na kuchomwa kuwa saruji Pongwe. Na Lushoto, jirani ya mlima uliowakatalia walowezi kahawa, hupeleka kabichi, karoti na matunda Dar es Salaam, kutoka bustani za wakulima wadogo.