"Shall", "Will" na Kiambishi -ta-

Mwaka 1653 John Wallis, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini. Aliwafikiria hasa wageni waliotaka kujifunza lugha hiyo, na kwa kuwa wageni hutatizwa na vitenzi visaidizi vya wakati ujao, aliwawekea kanuni. Katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri, na "will" huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, "will" ikawa ya kutabiri na "shall" ya kuahidi au kutisha. Robert Lowth aliirudia mwaka 1762, Lindley Murray akaipokea mwaka 1795, na kupitia vitabu vya shule ikavuka bahari.

Sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya themanini tuliikariri kama jedwali la kuzidisha. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Kanuni ya sarufi, kwa jinsi tulivyofunzwa, haikuwa na baba wala mama; ilikuwapo tu, kama mlima.

Kumbe swali lilikuwa limekwisha kuulizwa kitambo. Charles Fries, wa Chuo Kikuu cha Michigan, alichukua tamthilia za Uingereza na Marekani akahesabu, na mwaka 1925 akatangaza alichokiona: hata katika nafsi ya kwanza, wahusika walitumia "will" mara nyingi kuliko "shall". Mwaka 1940 alitoa sarufi iliyojengwa juu ya barua ambazo watu wa kawaida waliiandikia serikali ya Marekani. Mwaka 1952 akatoa nyingine, safari hii kutokana na mazungumzo ya simu yaliyonaswa, yapata saa 50. Katika kitabu hicho aliyatupa majina ya kale ya aina za maneno, akaweka makundi manne yenye nambari na mengine 15 yenye herufi. Nakiri kwamba nambari na herufi zile zilinichosha. Ninachomheshimia Fries ni sikio lake.

Sarufi ya namna hii ndiyo wanaisimu wetu huiita sarufi fafanuzi, na aliyeipa makao makubwa upande wa Uingereza ni Randolph Quirk. Mwaka 1959, akiwa Durham, alianzisha mradi wa kuchunguza matumizi ya Kiingereza, na mwaka uliofuata akauhamishia University College London. Lengo lilikuwa matini 200, kila moja ya maneno 5,000, nusu yake maandishi na nusu usemi; jumla maneno milioni moja. Kazi ilianza kwa mkono, kwa vijikaratasi vilivyopangwa kabatini. Katika kazi hiyo kikazaliwa kitabu kikubwa cha mwaka 1972, na mwaka 1973 Quirk na Sidney Greenbaum wakatoa toleo fupi, *A University Grammar of English*.

Nilipokisoma kitabu hicho, sura ya kitenzi ilinisimamisha. Wanasema kwamba Kiingereza hakina njeo dhahiri ya wakati ujao inayolingana na ile ya wakati uliopo na uliopita; kina njia kadhaa tu za kuuelezea ujao, na "will" na "shall" ni njia mojawapo. Kanuni niliyoikariri ilikuwa ikilinda nyumba isiyokuwamo.

Wapenzi wa Kiswahili watasema: sisi -ta- tunayo. Ni kweli. Lakini litazameni umbo la urejeshi: "atakuja" ni silabi nne, "atakayekuja" ni sita, na mtunzi anayehesabu mizani anajua uzito wa zile mbili. Silabi moja ni ya kirejeshi -ye-. Nyingine ni -ka-, kwa kuwa hapo -ta- hujitokeza kama -taka-, na wanaisimu humtambua humo mzazi wake, kitenzi "taka". Nayo "will" katika Kiingereza cha kale ilikuwa kitenzi cha kutaka, na "shall" ilikuwa ya kuwiwa, kama mtu mwenye deni. Lugha mbili zisizo na undugu zimeuchonga ujao kutokana na matakwa! Hili kanuni ya Wallis isingenionyesha kamwe.

Mwaka 1990 Quirk huyohuyo aliandika katika jarida la *English Today* kwamba wanafunzi wa nchi kama zetu wafundishwe Kiingereza sanifu cha wenyeji wake, akitilia shaka hadhi ya Viingereza vya kwetu. Braj Kachru, msomi mzaliwa wa Kashmir, alimjibu vikali mwaka 1991. Darasani nilimfuata Quirk, maana mtihani haukumjua Kachru. Hata hivyo naona mbinu ya Quirk mwenyewe ilimpinga: ukishakubali kusikiliza kwanza, huna sababu ya kuziba masikio ufikapo Mombasa au Dodoma. Na ni Greenbaum, mwandishi mwenzake, aliyeanzisha mradi wa kimataifa wa kukusanya Viingereza vya nchi mbalimbali. Josef Schmied akaongoza ukusanyaji wa sehemu ya Afrika Mashariki, yaani Kenya na Tanzania. Usemi wetu nao ukaingia kabatini.

Kwa Kiswahili tumesahihisha zaidi ya tulivyosikiliza. Chukua "hauwezi" mahali pa "huwezi", pale mtu anapomwambia mwenzake. Nimeifuta kwa kalamu nyekundu miaka zaidi ya thelathini, na mwanafunzi akileta insha leo nitaifuta tena, kwa kuwa usanifu una kazi yake. Lakini tangu nistaafu nina daftari la pili. Kila niisikiapo, sokoni, kwenye daladala, redioni, ninaandika: aliyeitamka ni kijana au mzee, alikuwa akisema na nani, na katika mazungumzo hayohayo alitamka pia "huwezi" au hapana.