Kosa lililosahihishwa kimyakimya

Nilipotea kidogo, mitihani hiyo. Leo nawaletea kahistoria ka kompyuta, maana kamenigusa mimi mwalimu mtarajiwa.

Ukiandika jina la tovuti, kompyuta lazima kwanza ilitafutie namba ya anwani. Kwenye mifumo mingi ya Linux kazi hiyo hufanywa na maktaba ya programu iitwayo glibc. Novemba 2000 likatoka toleo la 2.2 likiwa na kosa la hesabu: nafasi ya kumbukumbu ilipimwa pungufu. Ukiipa jina refu mno la tarakimu na nukta, baiti 4 au 8 zinafurika nje. Kidogo eh? Lakini zilitosha kumwingiza mtu kwenye seva ya barua pepe bila hodi.

Mei 21, 2013 kosa likasahihishwa. Ila halikutambuliwa kuwa ni suala la usalama, kwa hiyo tahadhari haikutolewa. Debian 7, CentOS 6 na 7 na Ubuntu 12.04 zikabaki na kosa lilelile. Mpaka Januari 27, 2015 ndipo kampuni ya Qualys ikatangaza hatari hiyo, kwa jina la GHOST. Miezi 20 ilishapita!

Nikajikumbuka nilivyokuwa TP. Nilikuwa naandika jibu sahihi kwa wino mwekundu, basi, sisemi kosa liko wapi. Wiki inayofuata kosa linarudi, na mimi nawalaumu watoto.

Nyie wenzangu mnasahihishaje?