Windermere ya Karagwe, Windermere ya Uingereza

Nitazungumzia Windermere mbili. Moja iko Uingereza ya kaskazini, inajulikana na kila mtalii. Ya pili iko kwetu Karagwe, na nakuhakikishia ndugu msomaji kwamba ukishuka kwenye basi pale Kayanga ukauliza "Windermere iko wapi?" watu watadhani unatafuta nyumba ya kulala wageni.

Jina hilo lililetwa na wageni wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Walikuwa wanakitafuta chanzo cha Nile. Walipoliona ziwa lililo chini ya Bweranyange, Grant akasema linafanana na Windermere ya kwao. Basi, Speke akaliandika kitabuni kama Windermere ndogo. Ziwa lilikuwa na jina tayari, lina mitumbwi na wavuvi, na lina mwenyewe aliyekuwa amekaa pale juu kilimani anawakaribisha kwa pombe ya ndizi. Mwaka 1876 Stanley naye akaja. Akaingiza mashua yake, Lady Alice, kwenye ziwa hilo hilo na kufanya mashindano ya kupiga kasia na mitumbwi ya wenyeji, huku Rumanyika na wanawe wakitazama. Kitabuni aliliita Windermere bila kusita, kana kwamba ndilo jina la kuzaliwa.

Mimi nimelelewa Ihembe, na kwa miaka mingi habari hii niliiona ni ya kuchekesha tu. Nilibadili mawazo nilipoanza kusoma habari za samaki.

Tuanze na Windermere ya kwao. Humo yumo samaki anaitwa paiki. Ni mrefu, mwembamba, ana mdomo bapa kama wa bata uliojaa meno yaliyolala kuelekea ndani, na anaishi kwa kuvizia. Anajificha kwenye majani ya majini, ametulia kama gogo, halafu anaruka mara moja. Anakula samaki wenzake, vyura, vifaranga vya bata, hata paiki wadogo. Siku ya kumvua ni ya baridi kali, maana hunenepa na kuwa mzito majira ya baridi. Mvuvi anatoka asubuhi na mashua, anatundika samaki mfu kwenye ndoana, na kabla ya ndoana anaweka kipande cha waya kwa sababu uzi wa kawaida utakatwa na meno. Halafu anasubiri. Anaweza kusubiri mpaka jioni asipate kitu akarudi nyumbani amefurahi. Akibahatika, anampima paiki wake uzito, anapiga picha, kisha anamrudisha majini!

Mweleze hivyo mvuvi wa Kemondo uone atakavyokutazama.

Lakini Waingereza hawakumwachia paiki starehe tu. Karibu na ziwa lile, mwaka 1931, kilianza kituo cha utafiti wa maji baridi katika jengo la Wray Castle. Vita vya Pili vilipokuja na chakula kikawa shida, watafiti walianza kuvua kwa mitego samaki wadogo wa ziwa lile mwaka 1941, wakatiwa kwenye makopo na kuuzwa. Msimu wa baridi wa 1944 wakaanza kutega nyavu za paiki ili kuwapunguza wale wakubwa. Kila paiki alipimwa, akatazamwa umri wake kwenye mifupa, na tumbo likapasuliwa kuona amekula nani. Kazi hiyo iliendelea mwaka baada ya mwaka, miongo kwa miongo. Sijui kama kuna samaki mla samaki aliyechunguzwa muda mrefu kuliko huyo.

Sasa sikiliza. Mkurugenzi wa kituo hicho kuanzia 1937 hadi 1946 alikuwa E. B. Worthington. Miaka kumi kabla ya hapo, kijana bado, huyu bwana alikuwa kwetu! Mwaka 1927 na 1928 alimsaidia Michael Graham kufanya utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi katika Ziwa Victoria. Waliitwa kwa sababu ngege walikuwa wanapungua. Nyavu za kisasa za kuoteshea zilikuwa zimeingia ziwani mwaka 1905, wavuvi wakaacha mitego ya matete, na ndani ya miaka ishirini tu mavuno ya kila wavu yakashuka. Graham ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi mwaka 1928, na jina lenyewe maana yake ni "wa kuliwa". Hapo hakukosea.

Graham alishauri nyavu zisiwe na macho madogo kuliko inchi tano. Na kuhusu wazo la kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maziwa mengine, alionya kwamba ni hatari sana kama hakutatangulia utafiti wa kina. Hiyo ni ripoti ya 1929.

Haikuishia hapo. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa Jinja mwaka 1947, mkurugenzi wake alikuwa Beauchamp, mmoja wa watafiti wawili wa mwanzo kabisa wa Wray Castle. Rosemary Lowe, aliyewachunguza ngege na jamaa zao akiwa Jinja, naye alipitia Windermere akichunguza mikunga. Geoffrey Fryer alikwenda kinyume: alitoka Jinja mwaka 1960 akahamia Windermere. Yaani kati ya ziwa lao na ziwa letu kulikuwa na njia iliyokanyagwa sana, na Grant hakujua alichokuwa anakitabiri.

Kabla ya kuondoka, Fryer aliandika makala kupinga mpango wa kumleta sangara Ziwa Victoria. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mla nyama hawezi kukupa nyama nyingi kuliko anayokula, kwa hiyo ukimlisha sangara furu wako utavuna kidogo kuliko kama ungewavua furu wenyewe. Waliotaka sangara aje, hasa maofisa wa wanyamapori na uvuvi Uganda, waliwaita furu samaki takataka. Wadogo, wana miiba, hawana soko. Afadhali wageuzwe kuwa samaki mkubwa mmoja. Na wengine, tuseme ukweli, walitaka samaki wa kuvulia michezo.

Takataka! Muulize bibi yeyote wa Bukoba wa zamani kuhusu nkeje, hao hao furu, waliokaushwa na kuliwa na watoto wadogo mifupa na yote.

Mjadala ulikuwa bado moto pale sangara aliponaswa karibu na Jinja, Mei 1960. Alikuwa tayari ameshatiwa, kimya kimya, miaka ya hamsini. Miaka ya 1962 na 1963 wakaongeza rasmi. Hapa ndipo ninapokasirika. Paiki wa Windermere alikuwa kwao tangu zamani na bado walimhesabu kila msimu. Sangara alikuwa mgeni katika ziwa la watu wa nchi tatu, na aliingia bila hao watu kuulizwa.

Kwa miaka ishirini ilionekana hakuna kitu. Halafu miaka ya themanini sangara akalipuka. Watafiti wa Kidachi kutoka Leiden walikuwa Mwanza tangu 1977 wakichunguza furu, wakawaona wanatoweka mbele ya macho yao. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya mia tano za furu. Inakadiriwa aina kama mia mbili zilipotea. Baadhi zimerudi tangu miaka ya tisini, nyingine basi tena.

Nisiseme upande mmoja. Sangara amejenga nyumba, amesomesha watoto, amefungua viwanda Mwanza na Bukoba. Ila minofu ilikwenda Ulaya, na sisi tukabaki tunanunua mapanki, yaani kichwa na mifupa. Na Ulaya ilipofunga mlango mwaka 1999 kwa ajili ya uvuvi wa sumu, tuliona jinsi ziwa zima lilivyotegemea mteja mmoja.

Sasa rudi Karagwe. Maziwa yetu madogo yamezungukwa na mafunjo, na maji ya kwenye mafunjo yana hewa kidogo. Sangara anahitaji hewa nyingi, hapiti kirahisi, wakati jamaa wengi wa furu na ngege wanavumilia. Ndiyo maana Kenya ngege walisalia Kanyaboli walipokuwa wameshakwisha ziwa kubwa. Mtu anayefyeka mafunjo ili alime anadhani anaondoa magugu tu.

Ziwa Burigi tangu 2019 limo ndani ya hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato. Mengine yako mikononi mwa vijiji. Kama una babu aliyevua kwenye maziwa hayo, muulize kila samaki alimwita nani kwa Kinyambo, na ziwa lile la chini ya Bweranyange wazee wake waliliitaje. Andika kwenye daftari, uweke na tarehe.