Kolesteroli ya Kurithi
Kolesteroli ya kurithi ni ugonjwa wa ukoo unaotokana na hitilafu ya jeni, mara nyingi ile inayoongoza utengenezaji wa vipokezi vya ini, yaani protini zinazonasa kolesteroli mbaya na kuiondoa katika damu; kwa sababu ya hitilafu hiyo, kolesteroli mbaya hujikusanya katika kuta za ateri na kuzifanya nene na ngumu tangu ujanani. Mtu 1 kati ya 250 hivi huirithi kwa mzazi mmoja. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili, jambo lililo nadra sana, huota vinundu vya manjano ngozini na kwenye kano za kisigino, na asipotibiwa aweza kupatwa na shambulio la moyo hata kabla ya miaka 20. Waliogundua vipokezi hivyo, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, walitunukiwa Nobeli mwaka 1985.