Bibi Harusi Aliyeshika Chombo: Historia ya Elimu ya Bahari Inayotolewa Bure



Mwezi uliopita tulikuwa kwenye singo ya mdogo wangu. Chumba kizima kinanukia udi na asumini, bibi harusi amefunikwa kanga, somo wake anamfunda. Alifundwa mapishi, kujipamba, kumpokea mume na kuishi na mawifi. Sasa huyo mume ni nahodha wa mashua. Mdogo wangu akauliza kwa sauti ndogo: "Somo, na bahari je? Siku tuko chomboni pamoja, naye akashikwa na homa kali, mimi nifanye nini?" Watu wakacheka. Bibi mmoja akasema mambo ya bahari tuwaachie wanaume.

Mimi sikucheka. Swali lile lilinikaa moyoni nikaanza kusoma, na niliyoyakuta ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza, bahari na wanawake wa Kiislamu ni watu wa siku nyingi. Ummu Haram bint Milhan (R.A.) alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza ndoto yake ya watu wa umma wake watakaopanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Akamwomba amwombee awe miongoni mwao, naye akamwombea. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), mwaka 28 Hijria, alisafiri baharini na mumewe, Ubada bin Samit (R.A.), hadi Saiprasi. Huko alianguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, akafariki. Kaburi lake liko Larnaca, na hadi leo watu hulizuru. Hakuna aliyemwambia kuwa bahari si mahali pake.

Tuje kwenye elimu yenyewe. Katika karne ya 15, pale Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu, alizaliwa Ahmad bin Majid. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo, na kwa Kiarabu cha mabaharia mtu wa kazi hiyo aliitwa mu'allim. Ndilo neno letu hilihili: mwalimu, maalim. Aliyejua njia ya baharini na aliyefundisha walibeba jina moja.

Bin Majid aliandika kitabu kikubwa cha misingi ya elimu ya bahari, Kitab al-Fawa'id, karibu mwaka 1490. Lakini sehemu kubwa ya kazi zake ni mashairi. Mwaka 1462 alitunga shairi la beti zaidi ya 1,000 juu ya elimu hiyo. Jingine linaeleza njia ya kwenda Sofala, katika Msumbiji ya leo, likipita pwani hii yetu. Jingine linahusu kutafuta kibla. Kwa nini mashairi? Kwa sababu shairi hukaa kichwani. Karatasi huloa, kitabu huibwa au huzama, lakini aliyehifadhi beti anazo hata chombo kikivunjika. Baba yake naye alikuwa ametunga shairi refu juu ya Bahari ya Shamu, na mwana akalirekebisha palipokosewa. Hiyo ndiyo adabu ya elimu: unapokea, unasahihisha, unapitisha.

Chombo chao cha kupimia kiliitwa kamal: kibao kidogo cha mbao chenye kamba ya mafundo. Baharia alishika fundo kwa meno, akanyoosha kamba, akauweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota ya Jaa, yaani nyota ya Kaskazini. Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo nyota hiyo inavyoshuka, kwa hiyo kimo chake kilimwambia amefika usawa wa bandari gani. Huku kwetu, chini ya mstari wa ikweta, Jaa haionekani kabisa, na mabaharia walitumia nyota nyingine. Qur'ani nayo, katika Suratul An'am, inatukumbusha kuwa nyota tumewekewa ili tuongoke katika giza la bara na bahari.

(Wengi tumesikia kuwa Bin Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali habari hiyo, basi tusimbebeshe mzigo usio wake.)

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, mji wa Salem. Bibi zetu waliujua mji huo bila ya kuuona, kwa sababu merikebu zake zilikuja Unguja kununua pembe za ndovu na sandarusi, zikishusha kitambaa tulichokiita merikani. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza kufungua ofisi hapa, mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem.

Katika mji huo alizaliwa Nathaniel Bowditch mwaka 1773. Aliacha shule akiwa na miaka 10 kwa sababu ya umasikini, akawa karani wa duka la vifaa vya merikebu. Hesabu alijifundisha mwenyewe usiku. Alipoanza kusafiri alichukua kitabu walichokitegemea mabaharia wengi, akakipiga hesabu upya na kukuta makosa maelfu. Kosa katika kitabu kile si sawa na kosa la mtihani. Tarakimu moja ikikosewa, merikebu hupanda mwamba na watoto huwa mayatima. Mwaka 1802 akatoa kitabu chake, The New American Practical Navigator. Inasimuliwa kuwa katika safari zake alimfundisha kila mtu chomboni, na hata mpishi alijua kupiga hesabu za mwezi za kutafuta mahali walipo.

Katika miaka ya 1860 serikali ya Marekani ilinunua haki za kitabu hicho, na imekuwa ikikihuisha tangu wakati huo. Leo kinapatikana chote kwenye intaneti bila ya malipo.

Na sasa nimfikie bibi harusi wangu.

Mary Patten aliolewa na nahodha Joshua Patten mwaka 1853, kabla hajatimiza miaka 16. Hakubaki nyumbani. Alisafiri na mumewe katika merikebu kubwa ya matanga iitwayo Neptune's Car, na kwenye safari yao ndefu ya kwanza mume akamfundisha kupima jua na kupiga hesabu za njia. Hakumwambia hayo ni ya wanaume.

Julai 1856 wakaondoka New York kwenda San Francisco kwa njia ya Cape Horn, kwenye dhoruba na baridi ya ncha ya Amerika Kusini. Msaidizi wa kwanza wa nahodha alikuwa amekwisha kuvuliwa kazi kwa uzembe. Kisha nahodha mwenyewe akaanguka, homa ikampanda kichwani hata asijijue. Msaidizi wa pili alijua kazi ya matanga lakini hakujua kupiga hesabu za njia. Mary alikuwa nayo elimu hiyo. Alikuwa na miaka 19, na ana mimba.

Alishika uongozi. Mchana alipima na kuhesabu, usiku alimuuguza mumewe huku akisoma vitabu vya tiba vilivyokuwamo chomboni. Mabaharia wakamtii. Tarehe 15 Novemba 1856 Neptune's Car ikaingia San Francisco salama. Mumewe alifariki mwaka uliofuata, na yeye mwenyewe alikufa mwaka 1861 akiwa na miaka 23 tu. Hadithi yake haikuishia kwenye raha. Lakini watu wote wa chombo kile walifika bandarini kwa sababu mume mmoja alimsomesha mkewe.

Msidhani alikuwa peke yake. Katika miaka hiyohiyo, London, Janet Taylor aliandika vitabu vya hesabu za bahari, akafungua chuo chake na kuwasomesha wanaume waliotaka kuwa manahodha. Elimu hiyo aliipata kwanza kwa baba yake.

Dada zangu, leo mlango uko wazi kuliko zama zote hizo. Kitabu cha Bowditch kinashuka kwenye simu bure. Alama za ramani za bahari zimeelezwa katika kijitabu cha serikali ya Marekani kiitwacho Chart No. 1, nacho ni bure. Mafundo ya kamba yanaonyeshwa hatua kwa hatua kwa picha kwenye Animated Knots. Anayetaka kujifunza jinsi njia inavyochorwa kwenye ramani ataipata programu ya OpenCPN bila ya kulipa hata shilingi. Vyote ni kwa Kiingereza, na hapo ndipo kazi ya walimu wetu ilipo: chukua somo moja, lifahamu, lifundishe kwa Kiswahili. Anza na fundo moja. Wiki inayofuata fundisha pande za dira. Na mjue kuwa simu haishiki usukani. Anayejifunza ashuke majini na mtu mzoefu, avae jaketi la kuokolea, na kabla ya yote ajue kuogelea.

Tena msiseme hatujui kitu. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao wengi wao ni wanawake, wamekuwa wakihesabu bamvua na maji mafu tangu kilimo hicho kilipoanza mwaka 1989. Na kila mwanamke wa kisiwa hiki anayetandika msala anajua kaskazini iko wapi, kwa sababu kwetu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Wazee wetu walikuwa wakiita kaskazini kibla. Nusu ya dira tunayo tayari.

Mdogo wangu ameshaolewa, Alhamdulillah. Nilimtumia hadithi ya Mary Patten, naye akamsomea mumewe. Jumapili iliyopita alinipigia simu kuniambia kuwa amefundishwa kufunga tanga na kusoma dira, na kwamba alitapika njia nzima. Nikamwambia aendelee. Na wewe unayefunda bibi harusi mwaka huu, baada ya udi na pilau, muulize: unajua kuogelea?

Allah (S.W.) awalinde wasafiri wetu wote wa baharini na awarudishe salama. Amin.