Mbona figo ilikuwa nzima?

Haya wadau, nimepotea kidogo, mambo ya test si mnayajua. Leo hakuna habari za kantini.

Juzi nimemkuta jamaa yangu hapa hosteli kajilaza, haongei. Mama yake mdogo, aliyepandikizwa figo, alipata homa. Nyumbani wakasema malaria hiyo, wakangoja siku mbili. Kufika hospitali, bakteria wameshaingia kwenye damu. Jamaa anauliza kitu kimoja tu: mbona figo ilikuwa nzima?

Mimi nasoma Historia na Baiolojia, nikamwambia swali lako lina umri wa babu zetu.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walimpandikiza Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald. Mapacha wa kufanana, mwili haukuikataa, na Richard akaishi miaka 8 zaidi. Stori tamu, lakini wangapi wana pacha wa kufanana? Kwa wengine ilibidi kinga ya mwili izimwe, na kuanzia 1958 timu ile ilijaribu kuizima kwa mionzi ya mwili mzima. Wagonjwa 12, wakafa 11. Yaani ukiwaondoa walinzi wote ili mgeni apite, na mwizi naye anapita.

Zikaja dawa. Azathioprini ilianza kutumika miaka ya mwanzo ya 1960, na 1963 Thomas Starzl kule Denver akaichanganya na prednisoni. Figo zikaanza kukubaliwa. Ila dozi zilikuwa kubwa, na madaktari wakajikuta wanamzika mgonjwa kwa maambukizi huku figo yenyewe inachapa kazi. Hata Louis Washkansky, aliyepandikizwa moyo Cape Town mwaka 1967, hakuuawa na moyo ule. Nimonia ilimchukua baada ya siku 18.

Dawa za sasa ni bora zaidi, lakini kanuni ni ileile: kinachoilinda figo ndicho kinachowafungulia mlango vijidudu. Mlango mkubwa kwa hawa wagonjwa ni njia ya mkojo, bakteria wakitoka huko wanaingia kwenye damu. Ndiyo maana wengi wao hupewa septrini miezi ya mwanzo, hii hii tunayoijua. Halafu kuna mtego mwingine, prednisoloni inaweza kuificha homa. Mtu anachemka kidogo tu kumbe ndani kunawaka moto. Kwa hiyo kungoja kesho, hapana kabisa.

Jamaa akanyamaza, kisha akampigia baba yake mdogo, wakaongea muda mrefu. Wamekubaliana kuandika kwenye kopo la dawa kwa maka pen: HOMA = HOSPITALI LEO LEO.

Mama mdogo bado yuko wodini. Asubuhi hii kanywa uji nusu kikombe. Naenda lekcha ya saa 4.